Rodaina Haingii kwa Mama Yake

Jikoni alasiri ile walikuwepo Ragab, fundi viti wa mjini Mansoura. Mama yake, Bi Tafida. Binti wa Ragab wa miaka minane, Rodaina. Na jirani yao Nagwa, muuguzi wa watoto. Wafaa, mke wa Ragab, alikuwa amelala chumbani, mgonjwa.

"Rodaina, mpelekee mama maji," alisema Ragab.

Mtoto aliiweka bilauri sakafuni, nje ya mlango wa chumba, kisha akakimbilia barazani.

"Umeona, Nagwa?" Ragab alinong'ona. "Wafaa anamwita kutwa, haingii. Na daktari amesema muda wake umebaki mdogo."

"Mmemwambia mtoto mama yake anaumwa nini?"

"Ule ugonjwa," alijibu Bi Tafida, akiendelea kukatakata mboga ya molokhia. "Jina halitajwi humu. Ukilitaja, unauita."

"Basi mimi ningeshazikwa, Mama. Kazini nalitaja asubuhi mpaka jioni."

"Ndiyo maana ukakosa adabu."

Nagwa alicheka kidogo, akamfuata Rodaina, akachuchumaa mbele yake. "Mbona huendi kwa mama, kipenzi?"

Rodaina alinong'ona: "Nilimwambia rafiki yangu shuleni. Nilisema saratani, neno nililosikia kwa daktari. Mama akazidiwa. Nikiingia, nitasema tena."

Kule jikoni, kisu cha Bi Tafida kilinyamaza.

"Nisikilize vizuri," alisema Nagwa. "Saratani haiji kwa neno. Haiji kwa utundu wa mtoto, wala haiambukizwi kwa kukumbatiana. Mama alizidiwa kwa sababu ugonjwa umeenea mwilini. Si wewe uliyeuleta."

"Atapona?"

Nagwa alimsogelea Ragab, aliyekuwa amewafuata hadi mlangoni, akamnong'oneza. "Hili mjibu wewe, baba yake. Maneno machache, ya kweli. Usiseme atasafiri, maana mtoto atamngoja arudi."

Ragab alipiga magoti mbele ya mtoto. "Dawa zimeshindwa, mwanangu. Mama atafariki. Siku hatuijui. Lakini mimi nipo, na bibi yupo. Nitakupeleka shule, nitakusuka nywele."

"Wewe hujui kusuka, Baba."

"Nitajifunza."

Rodaina akalia. Bi Tafida alikuja kumnyamazisha, lakini Nagwa akamshika mkono. "Mwache alie, Mama. Mkumbatie tu."

Alipotulia, Rodaina aliingia chumbani mwenyewe. Sauti dhaifu ya Wafaa ikasikika: "Panda huku, karibu yangu. Nihadithie ya shuleni." Punde mtoto alikuwa akihadithia bila kupumzika.

Ragab alirudi jikoni na kuwaambia wanawake wawili: "Kuanzia leo ugonjwa huu tutautaja kwa jina lake. Rodaina akiuliza, atajibiwa."

"Na siku yenyewe?" aliuliza Bi Tafida. "Mtoto tutampeleka kwa majirani, kama wafanyavyo watu."

"Hapana, Mama. Hatutamficha popote. Atamuaga mama yake, nami nitamshika mkono."