Mashine Yagoma, Mechi Kesho

Kwa kina Restuta, hakuna chombo kinachotiwa kitu kabla ya kusuuzwa. Ndoo iliyooshwa jana jioni, leo asubuhi inasuuzwa tena. Bibi yake, ambaye ndiye mwenye sheria hiyo, husema vumbi la Gulwe halina likizo. Kwa hiyo Ijumaa hiyo, kama siku zote, Restuta aliamka, akasuuza ndoo, akateka maji, akafagia nje, akanywa uji na kukimbilia shuleni.

Siku yenyewe haikuwa ya kawaida. Kesho yake timu ya wasichana ya shule yao ingecheza mpira wa miguu nyumbani kwa mara ya kwanza, na Restuta, mwenye miaka kumi na miwili na mikono mirefu, ndiye golikipa. Tatizo lilikuwa uwanja. Mvua zilinyesha vizuri mwaka huo, nyasi zikafika magotini, na mbigili zikajificha humo zikisubiri miguu ya watu. Wanafunzi walifyeka kwa makwanja siku mbili, wakamaliza robo tu. Wageni nao walisema wazi kwamba uwanja usipokuwa tayari Ijumaa jioni, mechi itachezwa kwao. Mwalimu Dorothea, mlezi wa timu, akaona isiwe taabu, akaomba mashine ya kufyekea nyasi ya parokia.

"Restuta," aliita, "mpelekee Mzee Cornel dumu hili atie petroli, halafu mje naye na mashine."

Mzee Cornel ndiye aliyeitunza mashine hiyo. Dumu lilikuwa la bluu, la lita tano, limetapakaa vumbi. Restuta alilitazama akaona aibu. Angempelekeaje mzee wa watu chombo kama hicho? Akapita bombani, akalisuuza nje na ndani, akalikung'uta mara mbili tatu, akaenda zake akiimba.

Mzee Cornel alitia petroli na oili kidogo, maana mashine ile hutumia mafuta yaliyochanganywa. Walipofika uwanjani akajaza tangi, akavuta kamba. Mashine ikanguruma! Wasichana wakashangilia. Ikafyeka hatua tano, ikakohoa, ikazima.

"Inapumzika," alisema Mzee Cornel, akavuta tena. Kimya. Akavuta mpaka kofia ikamdondoka. Mpita njia mmoja akaegesha baiskeli yake, akasema mzee hana nguvu, akavuta yeye. Kimya. Mama muuza maandazi akasema wanaume hawajui, kitu kama hicho kinataka upole. Akavuta kwa upole. Mashine haikujali nguvu wala upole.

Ndipo akaitwa Fundi Abdulwahab, mtu wa Kondoa aliyekuwa akitengeneza pikipiki karibu na stesheni.

"Shikamoo, Mzee Cornel."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyo."

"Naona Gulwe nzima imeshavuta kamba, bado padri tu!"

Watu wakacheka. Fundi akafungua plagi, akaifuta, akaijaribu. Cheche ikaruka. "Moto upo," alisema. Akafungua kichujio cha hewa, akakikung'uta vumbi, akakirudisha. "Hewa ipo. Mafuta je?"

"Mapya kabisa!" Mzee Cornel alijibu kwa kujiamini. "Nimenunua leo asubuhi, nimechanganya mwenyewe."

Fundi akavuta kamba. Kimya. Akajikuna kichwa. "Basi hii ni kabureta. Lazima niende nayo karakanani, na kama kifaa kimekufa, kingine kitatoka Mpwapwa kesho mchana."

Kesho mchana! Erica, kapteni wa timu, alikaa chini palepale kwenye nyasi. Mwalimu Dorothea akatoa simu mfukoni polepole, ili awaambie wageni kwamba mechi ihamie kwao.

Tangu mashine ilipokohoa, Restuta alikuwa akikumbuka kibatari cha bibi yake, kilichowahi kuingia maji kwenye mafuta ya taa. Nacho kiliwaka kidogo, kikatatarika, kikazima. Na lile dumu hakulisubiri likauke. Lakini nani alikuwa na habari hiyo? Hakuna aliyemuuliza. Akisema, timu nzima itajua kwamba golikipa wao ndiye aliyeharibu. Akinyamaza, lawama zote zitaiendea kabureta, ambayo haina mdomo. Alimtazama Erica, akamwona anafuta machozi kwa kola ya shati.

"Mwalimu, usipige!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Dumu nililisuuza bombani na halikukauka. Nadhani ndani kuna maji."

Watu wote waligeuka kumtazama. Restuta alitamani ardhi immeze.

"Nipeni chupa inayoonyesha ndani," alisema fundi. Akamimina mafuta ya tangi kwenye chupa, akaisimamisha kivulini. Baada ya muda mfupi, petroli yenye rangi ya oili ilikaa juu, na chini yake yakatulia maji meupe, yanaonekana wazi kabisa.

"Haya, tazameni. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na mrija wa mashine unanyonya hukohuko chini. Kumbe tulikuwa tunainywesha maji ya bomba!"

Kicheko kikalipuka. Hata Restuta alicheka, huku machozi yakimtoka.

"Msimcheke peke yake," alisema Mzee Cornel, akiinama kuokota kofia yake. "Nilipolipokea dumu lilikuwa linachuruzika. Nikaona si kitu. Halafu fundi aliponiuliza, nikajibu kama bingwa."

Fundi akamwaga mafuta yale yote, akasafisha kabureta, akakausha plagi. Akatoa petroli safi kwenye pikipiki yake, akaichanganya na oili iliyobaki, akajaza tangi. Akavuta mara ya kwanza. Ikakohoa. Mara ya pili, ikanguruma, na safari hii haikuzima.

Weee! Nani angewazuia wasichana wale? Mzee Cornel alifyeka, wao wakakusanya nyasi, wakang'oa mbigili, wakachora mistari kwa majivu. Jua lilipoanza kushuka, Mwalimu Dorothea akatoa simu tena.

"Njooni kesho saa tatu," alisema akitabasamu. "Uwanja uko tayari."

Kisha akawaita wachezaji wake wamzunguke, akamshika Restuta bega.

"Kosa la mwenzenu lilikuwa la kutojua, na asiyejua hufundishwa. Ila angenyamaza, kesho tungekuwa wageni kwenye mechi yetu wenyewe. Mmemwona fundi leo. Anaweza kufungua plagi, kichujio na hata kabureta. Kinywa cha mtu hawezi kukifungua. Hicho kila mmoja wetu hukifungua mwenyewe, na leo Restuta amefungua chake wakati ilipokuwa vigumu."

Erica akatoka kwenye mduara, akachukua mpira na kuuweka kwenye alama ya penalti iliyochorwa muda si mrefu.

"Golikipa wetu," aliita, "nenda golini!"

Restuta akakimbia kwa furaha.