Tundu la Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mke wa fundi alisukuma mlango wa duka la mumewe, akakuta taa inawaka, cherehani imelala ubavu, na matone manne ya damu kwenye meza ya kukatia. Fundi hayupo. Alirudi kinyumenyume hadi barabarani, akapiga simu polisi.

Mpelelezi aliyefika saa moja na nusu alikuwa mwanamke mfupi, na vifungo vya shati lake alivishona fundi huyo huyo. Mtaa mzima uliijua kazi yake: mshono safi, lakini kifungo cha matundu manne alikipitisha uzi kwenye matatu tu, la nne akaliacha wazi. Wateja walimtania kwamba ni bahili wa uzi. Alicheka, hakueleza.

"Nani ana ugomvi naye, mama?"

"Mwenye nyumba. Jana alisema leo atatutoa kwa nguvu."

Mwenye nyumba aliletwa na povu la dawa ya meno kidevuni. Alikuwa amemuuguza mama yake hospitalini mpaka saa moja. Muuguzi alithibitisha kwa simu. "Nataka duka langu, afande," alisema. "Fundi nimpeleke wapi?"

"Mwingine?"

Mke wa fundi alisita. "Kaka yangu. Mwanawe alimaliza mafunzo ya jeshi, mume wangu akakataa kwenda kwenye gwaride. Lakini kaka kasafiri tangu juzi. Na mume wangu ndivyo alivyo. Gari la jeshi likipita huingia ndani, hatoki mpaka mlio upotee."

Mpelelezi aliandika hilo, kisha akakagua duka. Msumari wa kutundikia mkasi mkubwa ulikuwa mtupu. Kwenye meza ya pasi palikuwa na shati la kijeshi, kuukuu, la kijana mwembamba. Fundi alizoea kubana karatasi yenye jina la mteja kwa pini. Pini ilikuwepo, karatasi imechanwa. Mfukoni mlikuwa na vumbi la mbao.

Halafu akaona vifungo. Vinne vilikuwa na uzi uliopauka kwa miaka mingi, cha tano uzi mpya unang'aa. Vyote vitano tundu la nne lilikuwa wazi.

Aliyeshona kile kipya jana ndiye aliyeshona vile vya zamani, na alivishona kwenye shati la askari.

"Mumeo aliwahi kuwa jeshini?"

"Hapana." Akafikiri. "Hajawahi kuniambia."

"Kwa nini alifungua mapema?"

"Kuna mteja alitaka nguo yake saa kumi na mbili, akitoka zamu."

Mpelelezi alitazama ng'ambo ya barabara. Ghala la mbao hufunguliwa saa tatu. Mlinzi wake, mzee mpole aliyemwambia tangu mwanzo kwamba hakuona mtu, alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mlango wa stoo.

Saa mbili na robo, mpelelezi alisimama mbele yake. Mke wa fundi alimfuata nyuma.

"Zamu yako inaisha saa ngapi, mzee wangu?"

"Kumi na mbili."

"Na bado hujaenda kulala."

"Nimepumzika tu, mwanangu."

Ndani ya stoo mtu akakohoa. Mke wa fundi alikishika kifua. Kikohozi hicho alikuwa amelala nacho miaka ishirini na sita.

Mzee aliinuka, akatoa mkasi mkubwa ndani ya koti. Mpelelezi aliogopa, na hakuficha.

"Naogopa, mzee. Sina silaha. Niambie tu, shati ni la nani?"

Mkono wa mzee ulishuka. "Nimelisahau kule? Miaka thelathini sijawahi kulisahau." Akafungua mlango. "La mdogo wangu."

Fundi alikuwa ameketi juu ya mbao, kiganja kimechanika, mikono imefungwa kwa utepe wake wa kupimia.

"Mdogo wangu alikuja nalo likizo yake ya mwisho, akaliacha nyumbani," mzee alisema. "Akatuambia, vifungo kashona rafiki yangu, uzi ni shida kule, huacha tundu moja. Mwezi uliofuata wakaja askari watatu, wakasema, mwanenu na mwenzake wametoroka lindo. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu vilikuja vyote: kilio chetu, kicheko cha majirani. Baba alikufa bila kuamkiwa na mtu. Mwaka huu nikaona koti la bosi wangu, lililoshonwa na fundi huyu, vifungo vina tundu wazi. Nikang'oa kifungo kimoja cha shati, nikampelekea ashone."

"Ungekuja kwetu."

"Mngemchukua. Mimi nataka kusikia mdogo wangu yuko wapi. Tangu asubuhi namuuliza, anatetemeka tu."

"Nikisema nitapigwa risasi," fundi alinong'ona.

Mpelelezi alichuchumaa, akafungua utepe. "Sitakudanganya, fundi. Kutoroka jeshi ni kosa, na sijui watakufanya nini baada ya miaka hii. Nikishaandika sitafuta. Ukinyamaza, nina kesi ya utekaji tu. Unarudi nyumbani."

"Nyamaza, baba watoto," mkewe alisema. "Twende nyumbani."

Fundi alimtazama mkewe, kisha mzee. Mzee alikuwa ameweka mkasi chini na kunyoosha mikono afungwe pingu.

"Nilikimbia mimi," fundi alisema. "Alfajiri, kwenye lindo la daraja. Niliogopa nikashindwa hata kupumua. Yeye alinifuata anirudishe kabla hatujahesabiwa. Risasi ya adui ikampata mtoni. Nilimzika kwa mawe, nikaendelea kukimbia. Mahali napajua. Nitawapeleka."

Mkewe aliketi chini kwenye vumbi la mbao, akaanza kulia.

Mpelelezi aliandika mistari miwili, fundi akatia sahihi kwa mkono wenye damu. Ya kwanza ilimhusu yeye, na hakuna aliyetaka kuisikia.

"Nisomee ya pili," mzee alisema.

"Askari wa pili hakutoroka. Alikufa akimrudisha mwenzake lindoni."

"Tena."

Akamsomea tena.