Dawa Iliyonyamazisha Jicho

Cirhuza alipita Lumbadzi kwa kasi ya kilomita tisini, pikipiki ikilia, jasho likimwingia machoni.

Mbele yake, mita mia mbili, ilikimbia Land Cruiser nyeupe.

Alikuwa ameifuata tangu kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Aliambiwa ndani yake mna kisanduku cha barafu chenye chupa kumi na mbili, na daftari jeusi.

Gari likaingia kituo cha mafuta. Cirhuza akasimama ubavuni na kuchungulia kioo cha nyuma.

Miwani. Makasha manne ya miwani ya kusomea.

Dereva akamkodolea macho. Cirhuza akaomba radhi, akasogea pembeni, akalipiga teke tairi la pikipiki yake mwenyewe. Gari silo. Dakika arobaini zimekwenda bure.

Simu yake, Samsung, ikatetemeka. Alikuwa Sabine, muuguzi wa Dzaleka, mtu pekee kambini aliyejua kwamba Cirhuza ni jasusi.

"Kaka, balikudanganya. Docteur Verhoek alipanda Hilux ya bluu. Iko Lilongwe, Area 49, mtaa wa Gulliver, nyumba ya geti ya kijani."

"Nani anakwambia?"

"Charlotte, ule alikuwa anabafagilia hema. Kwa ile nyumba njo balikuwa banamutuma."

Cirhuza akageuza kichwa cha pikipiki kuelekea Lilongwe.

Kwa wiki tatu Dakta Verhoek alikuwa amepiga hema Dzaleka, akipima macho bure. Watu thelathini na saba walitiwa matone macho yote mawili, kisha wakafungwa bendeji jicho moja. Baadaye wakaanza kujigonga kwenye milango. Mama Annonciata, mshonaji kutoka Uvira, sasa hakuweza kuona uzi ndani ya nyumba yake mchana kweupe.

Kabla Kitengo cha Nne cha ujasusi hakijamwajiri, Cirhuza alifanya kazi miaka sita katika maabara ya macho huko Bukavu. Alimpima mama huyo mwenyewe. Seli zinazopokea mwanga, kule nyuma ya jicho kwenye retina, zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwa jirani zao, seli za neva zinazochukua ile ishara, kuilinganisha na za pembeni na kuisukuma mbele hadi kwenye ubongo. Hizo zilikuwa kimya. Mwanga uliingia, habari haikufika.

Dawa ya Verhoek ilikata ujumbe njiani. Na alikuwepo mnunuzi wa kigeni aliyetaka kuwapulizia askari wa mpakani.

Nyumba aliiona saa saba na dakika kumi. Geti la kijani. Mlinzi alisimama juani, Glock imetuna chini ya shati. Madirisha yote yalizibwa kwa plastiki nyeusi, maana dawa hiyo huharibiwa na mwanga.

Akampigia mkuu wake, Jules.

"Shefu, nimefika. Naomba niingie."

"Subiri kibali."

"Mnunuzi anakuja saa tisa."

"Na polisi usiwahusishe. Subiri."

Simu ikakatika. Cirhuza akauma meno. Hata bastola alikuwa amenyimwa, kwa sababu ya kibali hicho hicho.

Akayatazama tena yale madirisha meusi. Akatoa bendeji mfukoni, moja ya zile za hema la Verhoek, akalifunga jicho la kushoto asiache hata tundu. Akaitazama saa yake, Casio.

Dakika kumi. Kimya.

Dakika ishirini. "Bado," Jules alisema. "Mkurugenzi yuko kikaoni."

Dakika thelathini.

Akampigia Sabine. "Ita polisi. Bambie geti ya kijani."

"Na shefu?"

"Shefu iko mu kikao."

Akaivuka barabara akiburuta miguu.

"Unataka nini?" mlinzi aliuliza.

"Mi ni mgonjwa wa Dzaleka. Jicho inaniuma sana. Niko natafuta docteur."

Verhoek alikuwa uani, akipakia Hilux. Akaja mbio, uso umemwiva kwa jua. Hakutaka kelele mtaani.

"Mwingize ndani. Haraka."

Wakaingia wote watatu. Taa moja ilikuwa inawaka. Mlango ulipofungwa, Cirhuza akaizima na kuvua bendeji.

Wale wawili walikuwa bado na jua machoni. Hawakuona kitu.

Jicho la kushoto la Cirhuza lilikuwa limekaa gizani nusu saa. Uzi mwembamba wa mwanga chini ya mlango ulilitosha. Seli nyingi zilimwaga ishara zao hafifu kwenye seli moja ya neva, chembe juu ya chembe, mpaka ikapata la kusema. Hakumkazia mlinzi macho. Alitazama pembeni yake kidogo, kwa sababu seli za gizani hukaa pembeni.

Kivuli kikasogea. Mkono. Bastola.

Akaupiga kiwiko. Glock ikaanguka sakafuni. Goti la tumbo, ngumi ya shingo. Mlinzi akalala.

"Usisogee," Verhoek alifoka. "Nimeshika kipulizio."

"Umeuelekezea ukuta, dokta."

Cirhuza akamnyang'anya, akamfunga mikono kwa bendeji.

Polisi walifika baada ya dakika kumi. Saa tisa kamili mnunuzi naye akafika, wakampokea getini.

Simu ikalia.

"Kibali kimepita," Jules alisema. "Unaweza kuingia."

"Nimeshatoka, shefu."

Akakata. Akaketi kwenye ngazi na lile daftari jeusi, lililokutwa ndani ya Hilux pamoja na kisanduku cha barafu, akampigia Sabine.

"Wakiacha matone, seli zitaamka baada ya siku tisa," alisema. "Mama Annonciata atashona tena."

"Mungu asifiwe. Bote?"

Cirhuza akageuza ukurasa. Akausoma mara mbili, akitafuta kosa. Halikuwepo.

"Thelathini na tano. Dieudonné na Gentille balipewa dawa mara tatu. Kwao seli haitaamka tena."

Sabine akayarudia taratibu yale majina mawili.

"Nani atabaambia?"

"Mi njo nitabaambia. Leo."

Akampa ofisa wa polisi daftari, akamshukuru kwa Kichewa: zikomo. Akavaa kofia ya pikipiki, akatoka getini bila haraka, akashika njia ya Dzaleka.