Turubai la Buti

Kila Jumamosi gari kuukuu la shangazi lilikuwa na safari mbili. Asubuhi lilimpeleka daktari wa meno kwenye uwanja wa gofu na kumrudisha, pamoja na kigari chake cha kusukuma cha kubebea fimbo za mchezo. Mchana lilipeleka shuka za wodi ya wazazi kwenye zahanati. Shangazi ndiye aliyezifua, na buti la gari, mahali pa mizigo nyuma, lilikuwa hilohilo moja. Kwa hiyo Chiriku, binti wa mdogo wake, alikuwa na kazi yake: kuyafuta magurudumu ya kigari na kutandika turubai butini kabla hakijaingizwa. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Turubai lilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, likichuruzika maji, na shangazi alimwambia alikaushe alichukue, lakini Chiriku aliona uvivu. Siku moja tu haidhuru, alijiambia. Kule uwanjani alikisukumiza kigari butini na tope lake lote, akafunga upesi. Waliporudi nyumbani alikwangua tope kwa kiganja, akapanga mafurushi ya shuka juu yake.

Muuguzi alifungua furushi la kwanza mlangoni mwa wodi.

"Dada, hiki nini?" Tope lilikuwa limepenya hadi shuka za katikati. "Nina mama kajifungua sasa hivi, kalalia godoro tupu. Nimtandikie tope? Basi, nitatafuta mfuaji mwingine."

Shangazi aligeuka. "Chiriku, turubai liko wapi?"

"Hukuniambia nilichukue, shangazi. Labda umesahau."

Shangazi alilifunga furushi upya. Wiki iliyopita tu alikuwa ameiacha pasi juu ya gauni mpaka likaungua. "Kumbe," akasema polepole. "Nimesahau kweli."

Jioni hakugusa chakula. Aliweka funguo za gari mezani, mbele ya baba yake Chiriku.

"Mdogo wangu, chukua gari. Mama yetu alianza hivihivi, mwisho akawa hatujui hata sisi. Nisije nikaua mtu barabarani."

Machozi yalimtoka. Chiriku hakuwahi kumwona shangazi yake akilia.

"Hukusahau, shangazi! Turubai nililiacha mimi kwenye kamba. Niliona uvivu, halafu nikaogopa."

Baba aliinuka kwa hasira, shangazi akamzuia kwa mkono. Kisha akazichukua tena funguo zake, akaenda kulala.

Kesho yake walifua shuka zote upya, wakarudi zahanati, na Chiriku akasema kosa lake mwenyewe. Muuguzi alifungua furushi moja, akalikagua.

"Haya, endeleeni. Ikitokea tena, msirudi."

Yule mama aliyelalia godoro tupu alikuwa ameshaondoka na mtoto wake. Chiriku hakupata wa kumwomba radhi.

Ndani ya gari shangazi hakuwasha injini mara moja.

"Tope nimelifua, limetoka. Uvivu ningekusamehe palepale. Lakini uliniacha niiogope akili yangu mwenyewe, nawe unajua ukweli. Ukikosea, sema hapohapo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nimekoma, shangazi."

"Tutaona."

Jumamosi iliyofuata Chiriku aliyasugua magurudumu, akatandika turubai, akamwita. Shangazi alikuja, akapitisha mkono kila pembe ya buti, ndipo akakubali kigari kiingie. Zamani hakuwa na haja ya kukagua.