Kingo za Runinga ya Bi Johari

Kitu cha kwanza kukosekana kilikuwa saa. Ile saa ndogo inayokaa kwenye kona ya chini ya kompyuta haikuonekana, na mstari mzima wa chini ulikuwa umekatwa. Hajira alisogea mbele, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Picha ilikuwa kubwa kuliko kioo.

Skrini yake ya awali ilikuwa imeungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na duka lake la steshenari pale Utemini halifanyi kazi bila skrini. Ndipo mumewe, Amri, akakumbuka runinga ya marehemu shangazi yake, Bi Johari wa Mandewa, aliyeuza samli maisha yake yote. Ilikuwa flati ya zile za mwanzo mwanzo, nene na nzito.

Ilikuja inanuka. Kona yake ya chini, upande wa kulia, ilikuwa na utando wa mafuta ya njano yaliyoganda, yenye nywele na mbawa za nzi, tabaka juu ya tabaka, ungedhani kuna mtu aliyekuwa akiipaka kila siku. Sasa huyu Hajira ni mtu wa kinyaa kupindukia. Hufuta sarafu kabla ya kuzitia kwenye droo. Nyama yenye mafuta haipiti kooni mwake. Angeuacha uchafu ule? Alichukua kisu akakwangua, akamalizia kwa spiriti, akatoka nje kutapika mara mbili. Kioo kilitakata, naye akajipongeza.

Laiti angejua amekwangua chakula cha nani.

Fundi Frank alikuja asubuhi, akabadilisha kebo, akapunguza ukubwa wa picha kwenye kompyuta, akazima na kuwasha. Kingo zilibaki zimekatwa.

"TV za zamani ndivyo zilivyo, mama Stumai," alisema. "Kompyuta inatuma picha nzima, TV inaikuza, pembeni panabaki nje. Dawa iko kwenye menyu ya TV yenyewe, na bila rimoti haifunguki. Vitufe vyote vimekufa."

"Kwa hiyo hicho kilichokatwa kipo, ila hakionekani?"

"Kipo. Tena kinafanya kazi kama kawaida."

Amri aliahidi kwenda Mandewa kuitafuta rimoti. Hajira akaendelea na kazi hivyo hivyo, binti yake Stumai, wa miezi mitano, akiwa amelala kwenye boksi la karatasi chini ya meza.

Mchana ule duka lilikuwa tupu. Hajira aliupeleka mshale wa mausi kwenye kona ya kulia, akiitafuta saa kwa kubahatisha. Mshale ulitoka nje ya kioo. Mara mausi ikawa nzito mkononi. Aliivuta, ikagoma, akaivuta kwa nguvu. Mshale ulirudi umelowa. Nyuma yake uliacha mburuzo wa njano, na kwenye mburuzo ule kulikuwa na unywele. Hajira akagusa kioo. Kidole kilinata, akakinusa, akasikia samli iliyochacha.

Chini ya meza Stumai alianza kulia. Alipomtoa, nywele zake zilikuwa zimelowa chapachapa, zimelazwa zote upande mmoja.

"Amelambwa," Hajira alimnong'oneza mumewe jioni ile.

"Jasho hilo, mama Stumai. Na wewe na kinyaa chako!"

Lakini kliniki haina utani. Wiki ile mtoto alipungua nusu kilo, na wiki iliyofuata nusu nyingine. Alinyonya vizuri, hakuharisha, hakuwa na homa, ila mashavu yaliingia ndani na ngozi ya mapaja ikalegea. Hajira alianza kumbeba mgongoni akiwa kazini. Haikusaidia. Alisikia mlambo nyuma ya shingo yake mwenyewe, wa polepole, akigeuka haoni kitu. Alijua sasa kwamba kitu kile kinammaliza mwanawe, na hakujua kikoje.

Rimoti ilipatikana. Amri aliikuta kwenye kopo la samli, imezamishwa mpaka chini.

"Nani anahifadhi rimoti kwenye mafuta?" Frank aliuliza, akiifuta kwa gazeti huku amekunja uso. Aliweka betri, akafungua menyu, akatafuta sehemu ya ukubwa wa picha, akabonyeza.

Picha ilinywea. Saa ikatokea, mstari wa chini ukatokea, na pembeni yake, pale palipokuwa pamefichika siku zote, ukatokea mdomo, mdomo tu usio na uso, umesimama kwa kimo chote cha kioo, midomo minene imebanwa kwenye kingo inang'aa mafuta, nzi wakitambaa kwenye ufizi, na ulimi mrefu wenye manyoya ukitoka polepole, ukilamba fremu, ukishuka, ukishuka tena, ukilielekea boksi chini ya meza ambalo siku hiyo lilikuwa tupu.

Frank alikimbia hadi madrasa ya jirani, akarudi na Maalim Abdulazizi, akiwa amemweleza njiani runinga ile ilikotoka. Mzee yule hakuitikia hata shikamoo. Alikitazama kioo, akashusha pumzi.

"Johari alikuwa anamlisha huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Ninyi mmemnyang'anya sahani. Akikosa mafuta ya kupakwa, atalamba yaliyo mwilini."

"Mtoe, Maalim," Hajira alinong'ona. "Mtoe, mwanangu anaisha."

"Nitamtoa. Lakini akitoka, hutafuta mlango. Mfunikeni mtoto uso. Fumbeni macho, fumbeni midomo, na asifungue mtu mpaka mnisikie nimesema amina."

Hajira alimfunika Stumai uso kwa khanga pale mgongoni, na Maalim akaanza kusoma. Harufu ilipanda, ya zizi, ya maziwa yaliyooza, ya ngozi mbichi iliyosahaulika juani, na runinga ikaanza kuvuja mafuta ya moto kwenye matundu yake yote, yakatiririka mezani, yakadondoka, yakamwangukia Hajira mguuni, akabana midomo kwa mikono yote miwili, na bonge la kitu laini chenye nywele likamgusa vidole, likatambaa, likapanda kifundo cha mguu, likapanda goti, na tumbo la mwanamke yule, ambalo halikuwahi kuvumilia hata utando wa chai ya maziwa, likapinduka. Alitapika.

Kioo kilipasuka. Harufu ikakatika.

"Amina," alisema Maalim. Aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna aliyefungua mdomo?"

Hajira alikuwa ameshajifuta kwa ncha ya mtandio. Aliona aibu, mbele ya mzee, mbele ya fundi.

"Hakuna, Maalim," alisema.

Wakanunua skrini mpya. Picha ilienea vizuri, saa ikakaa mahali pake. Nyumbani, Amri alimcheka mkewe kwa kuanza kugombania nyama ya mafuta. Ila Stumai hakunenepa, na kliniki waliagiza arudishwe kila wiki.

Ijumaa moja mchana Hajira alimpakata mtoto dukani, akainamisha uso kwenye nywele zake. Akasikia mlambo. Aliganda. Aliitazama skrini, kona zote nne. Zilikuwa safi.

Mlambo uliendelea, wa polepole, karibu sana, na utosi wa Stumai ulikuwa umelowa chapachapa, nywele zimelazwa upande mmoja, na mdomoni mwa Hajira mlikuwa na utamu wa samli. Akameza. Kisha akangoja kinyaa kije, kama kilivyomjia maisha yake yote.

Hakikuja.