Sura ya Tatu Imepigwa Mnada

Umeme ulipotea Nkubu siku ya soko, wakati mashine ya kutoa kopi ilikuwa imemeza nusu ya karatasi za Karwirwa na kukataa kuzitema. Duka lilijaa. Mwalimu mkuu alikumbatia mitihani yake kama mtoto mchanga, mama mmoja alipunga kitambulisho hewani, na kijana wa suti ya zambarau, mwenye viatu vilivyochongoka mbele, aliinama akaanza kusoma kilichokuwa kikining'inia nje ya mashine.

"'Mpango wa utafiti,'" alisoma kwa sauti ya kutangaza msiba. "'Ziara za Rais Meru na Embu tangu Uhuru, na Watu Waliozisubiri.' Dada, rais amepotea?"

"Nawatafuta waliomsubiri. Na hiyo kazi si ya kusomwa sokoni."

"Ningenyamaza, lakini mdomo ndio shamba langu." Alinyoosha mkono. "Munyi, wa Kianjokoma. Mshereheshaji. Harusi, mahari, harambee na matanga."

"Hiyo suti ni ya harusi au ya matanga?"

"Inategemea nani analipa."

Hapo, kwa masikitiko makubwa, tunalazimika kutangaza kwamba Karwirwa alicheka. Alikuwa msichana mrefu, mwenye gauni la kijani na sweta aliyoifunga kiunoni, na hakuwa amecheka tangu mwezi uliopita. Chuo kikuu Nairobi kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea udaktari wa historia. Pesa za kuzunguka vijijini, kulala, kula na kununua kinasa sauti hakikumpa. Mfadhili mmoja alimjibu kwamba mada yake ina siasa nyingi mno. Mwingine alimjibu kwamba haina siasa ya kutosha.

Umeme uliporudi, Munyi alikuwa na namba yake ya simu.

"Daktari, umekula?" aliuliza jioni hiyo.

"Mimi bado si daktari."

"Lakini umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Bwana Kipaza Sauti?"

"Nimekula maneno tu. Sema kitu kingine nishibe."

Waliongea hivyo kila siku; salio la mmoja likiisha, aliyebaki nalo anapiga. Na kwa kuwa mapenzi hayalipii utafiti, Anko Bundi, mdogo wa marehemu baba yake Karwirwa na ndiye aliyemlea, aliunda kamati ya harambee. Watu wa Nkubu huchangia harusi, hospitali na mabati ya kanisa. Kwa nini wasichangie utafiti? Mshereheshaji alikuwa Munyi. Mgeni wa heshima alikuwa Mheshimiwa Muthamia, mbunge wa zamani, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini Meru. Zamani hizo, rais akija, Muthamia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mapokezi.

Siku ilipofika, hema lilijaa watu lakini kikapu hakikujaa. Munyi aliuza jogoo mnadani. Aliuza mkungu wa ndizi, keki, kibuyu cha uji, kisha akauza kofia ya mchungaji, mchungaji akiwa bado ameivaa. Watu walichoka kucheka wakaanza kutazama saa. Karwirwa alikuwa mstari wa mbele, macho yamejaa maji. Munyi alitazama meza tupu, akaona mpango wa utafiti mapajani mwa Karwirwa, na akafanya jambo ambalo tumelifikiria sana na hatujapata namna ya kumtetea.

"Waheshimiwa, nina kitu ambacho hakijawahi kuuzwa hapa. Sura ya tatu. 'Walioandaa Mapokezi.' Nani anaichukua?"

Mheshimiwa Muthamia aliinua fimbo yake. Hema lilishangilia. Anko Bundi alicheza mpaka kamba ya kiatu ikakatika. Aliyebaki ameketi ni mwenye sura.

"Umeniuza," Karwirwa alimwambia Munyi nyuma ya hema.

"Nimeuza sura, mpenzi. Moja tu. Zimebaki nyingine."

"Hii ni kazi ya chuo, Munyi, si jogoo. Yule mzee ndiye ninayepaswa kumchunguza. Sasa nitaandika nini juu yake naye ameshalipa?"

Munyi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata kaburini kwa watu, alizima kipaza sauti chake.

Mheshimiwa alikuwa mkarimu, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Alimpa Karwirwa ofisi juu ya duka lake, yenye dirisha la vyuma linalotazama mifuko ya saruji. Alimpa gari na dereva, Kinoti, mtu mpole aliyevuta kiti na kuketi kila Karwirwa alipomhoji mtu. Wazee waliona gari kabla ya kumwona msichana. Wakasema mapokezi yalikuwa mazuri. Wote walisema hivyo, kwa maneno yale yale, wakimtazama Kinoti.

Mchana Mheshimiwa alipanda ngazi na kikombe cha chai.

"Msichana wangu, umefika wapi kwangu?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Ukifika, andika kwamba lami niliiomba mimi. Rais alicheka akasema, 'Muthamia, wewe hunipi usingizi.' Hilo uliweke mwanzo."

Karwirwa alipompigia Anko Bundi kulalamika, alijibiwa upesi. "Kanisa zima lilitoa kwa sababu yule mzee alitoa. Ukimwacha, nitapita wapi hapa Nkubu? Andika, mama. Ni karatasi tu."

Akiandika, anauza shahada yake. Akikataa, anamvua nguo mtu aliyemlea. Karwirwa alikaa kwenye kiti cha ngozi alichopewa, akahisi kama kuku ndani ya tenga, tena tenga lenye zulia.

Kisha siku moja sauti aliyoijua ilipanda kutoka barabarani kupitia kipaza sauti. Munyi, ndani ya suti mpya ya samawati, alikuwa akifungua tawi jipya la duka la Muthamia na kumwita mzee "baba wa maendeleo." Karwirwa alifunga dirisha. Kumbe walikuwa wamepanga yote pamoja, aliwaza. Munyi alipopiga, simu iliita mpaka ikachoka.

Sasa, kila aliyenunua kitu mnadani hukabidhiwa mbele ya watu. Mheshimiwa naye alitaka sura yake ikabidhiwe: isomwe hadharani, iwekwe kwenye fremu ya kioo, mbuzi wachinjwe. Hema likarudi Nkubu, na Anko Bundi akamwita mshereheshaji yule yule.

Siku moja kabla ya sherehe, wakati wa chakula cha mchana, Munyi alipanda zile ngazi. Mlango wa vyuma ulikuwa na kufuli. Kinoti alikuwa ameenda kula akiwa na ufunguo mfukoni, na hakuwa amekumbuka kwamba ndani kuna mtu.

"Hata kukufukuza siwezi," Karwirwa alisema kutoka upande wa pili. "Ongea uende."

"Ile kazi ya tawi nilipewa kabla sijakujua. Malipo ya kwanza nilikuwa nimeshakula. Suti ni ya binamu yangu, ananidai arudishiwe."

"Na mnada? Ulilipwa nini?"

"Sikulipwa. Nilikuona ukitaka kulia na meza ilikuwa tupu. Ningejiuza mwenyewe, lakini nani angenunua? Nilikosea, Karwirwa. Sikujua kwamba kuna vitu havifai kuuzwa. Kazi yangu yote ni kuuza."

Karwirwa alishika vyuma. "Kesho nitasoma nini?"

"Umeandika nini?"

"Anachotaka."

Munyi alivuta kufuli. "Siwezi kufungua hii kufuli. Lakini kesho nikikupa kipaza sauti, sitakunyang'anya. Hata Mheshimiwa anikonyeze mpaka jicho limtoke."

Vidole vya Karwirwa vilikaa kwenye vyuma, na vya Munyi pia, mpaka Kinoti aliporudi akiomba msamaha kwa mdomo uliojaa mukimo.

Kesho yake Karwirwa alisimama akiwa amevaa gauni lile la kijani, fremu mkononi. Mheshimiwa alitabasamu akiwa kwenye kiti kirefu.

"Kabla sijasoma," alisema, "nauliza. Nani hapa aliwahi kusimamishwa barabarani kumsubiri rais?"

Watu walitazama viatu vyao. Mheshimiwa alimkonyeza mshereheshaji. Mshereheshaji alikuwa anatazama paa la hema kama anayehesabu mashimo.

"Basi mimi," Munyi alisema mwishowe, bila utani wowote. "Nilikuwa darasa la pili. Tulisimama tangu asubuhi tukiimba. Mwenzangu mmoja alizirai. Gari lilipita na vioo vimefungwa."

Mama mmoja nyuma akainuka. "Kwetu walichukua kuku wote. Tuliambiwa ni wa mapokezi, agizo la Mheshimiwa." Mwingine akasema mbuzi. Mzee mmoja akasema alipigwa kwa kutopiga makofi. Karwirwa alikuwa ameshaweka fremu chini na kuwasha kinasa sauti.

Mheshimiwa alitamani kuondoka, lakini mbuzi walikuwa bado motoni, na mgeni wa heshima akiondoka kabla ya nyama, ametukana nyumba nzima. Basi akakaa. Wakamweleza yote akisikia, na yeye akasubiri.

Alipomaliza kula alinawa mikono polepole. "Huu si utafiti nilioulipia," alisema. Aliondoka na gari, ufunguo wa ofisi na ahadi zake zote. Anko Bundi alimpita Karwirwa kama anayepita mti.

Hema lilipokuwa linashushwa, wawili hao walipanga viti.

"Hakuna mkubwa atakayeniita tena," Munyi alisema.

"Na mimi nitafundisha sekondari, nizunguke wakati wa likizo. Kazi ya mwaka mmoja itanila miaka. Na Anko haniongeleshi."

"Pole."

"Siyo pole. Naogopa, ndiyo. Lakini leo wameongea." Alibeba viti viwili, akasimama. "Lile darasa lenu la pili, wote bado wako Kianjokoma?"

"Wengi. Walimu pia. Mama yangu ndiye aliyetushonea bendera."

"Basi nipeleke kwa mama yako."

Munyi aliweka kiti chini. "Kumuuliza habari za rais?"

"Habari za rais kwanza," Karwirwa alisema.