Bonaventure na Ubao Moja Juu ya Maji

Sikilizeni, bandugu ba Baraka, na ninyi ba Mboko pia, juu hii habari inatugusa sisi bote.

Wakati ya Babeleji, mwaka ya hamsini na sita, nyumba ya Bonaventure ilikuwa na amani. Kila siku ya Yenga, kisha misa, yeye na bibi yake Pulchérie na mutoto yabo Dorothée balipanda pirogi, bakavuka ziwa kuenda Ubwari ku shamba yabo ya mihogo. Bonaventure alikaa nyuma na kafi, anashika pirogi sawa. Pulchérie mbele. Mutoto katikati, anaimba. Maisha ile ilitosha, si kweli?

Halafu muzungu wa kampuni ya pamba, mwenye balimuita Bwana Mulefu, akaleta mashua ya moteri. Bonaventure njo alikuwa fundi wa ile moteri. Na muzungu alikuwa na muchezo yake: anavutwa na kamba nyuma ya mashua, amesimama juu ya ubao moja tu, mguu moja mbele, ingine nyuma, anakata kushoto, anarudi kuume. Siku moja akachoka, akamuambia Bonaventure: «Jaribu.»

Ee! Alianguka kama gunia.

«Kunja magoti,» muzungu akamufundisha. «Mushiko ya kamba ikae karibu na kiuno. Usivute na mikono, lala na mwili muzima. Na usiangalie maji. Angalia mbali!»

Mashua inaacha nyuma matuta mbili ya maji, kama matuta ya viazi. Ya kwanza Bonaventure alivuka. Ya pili ikamurusha. Kila mara! Alikuwa ananyoosha magoti mapema. Bantu ku ukingo balicheka mpaka machozi.

«Bonaventure, samaki banasema karibu nyumbani!»

«Mumuache,» Mama Anastasie, muuzaji wa samaki ndagala, akasema. «Anafua nguo bila kuivua!»

Kile kicheko kilimuingia ndani. Akaacha misa, akaacha shamba, kila Yenga yeye na ubao tu.

«Baba Dorothée,» Pulchérie akamuomba, «twende Ubwari. Mi peke yangu siwezi kushika pirogi yenye imejaa mihogo.»

«Omba kaka yako.»

«Kaka yangu njo alinioa?»

«Ngoja siku batanipigia makofi. Utajivuna.»

«Makofi tutakula na sombe?»

Akabeba ubao yake, akatoka. Pulchérie akaanza kuvuka yeye na mutoto tu.

Na kweli, bandugu, Bonaventure alijua! Siku moja akakaa na magoti yamekunjwa mpaka ngambo ya tuta ya pili, akashuka polepole, akalaza ubao ubavu, maji ikasimama kama ukuta. Weee! Hata we ungepiga makofi. Njo hatari ya ile kitu: ilikuwa nzuri.

Basi bageni bazungu bakatoka Albertville kuja kutazama. Bonaventure akaambia rafiki yake Placide, mwenye kuendesha mashua: «Pita karibu na ukingo, na nguvu yote. Balionicheka banione.»

«Pale pirogi zinapita.»

«Zitangoja. Hata nini, usisimame!»

Bakatoka. Alivuka matuta, akarudi, akavuka tena, macho yake mbali ku milima. Placide akainua mukono: pirogi mbele! Akamuonyesha aachilie kamba, ili asimamishe mashua. Bonaventure aliona ule mukono. Lakini kuzama mbele ya bageni? Akatikisa kichwa, akashika mushiko na nguvu. Placide akakata kona. Pirogi haikuguswa. Matuta mbili ya maji njo yaliendelea.

Makofi ilisikika, kisha ikanyamaza. Bonaventure akafika ku muchanga anacheka, na hakuna mutu alimuangalia. Bote balikuwa banaangalia nyuma yake.

Mihogo ilikuwa inaelea. Pulchérie alikuwa ameshika pirogi yenye imegeuka, anaita jina moja. Baogeleaji bakaingia. Dorothée bakamupata kesho yake, karibu na matete.

«Ulituona?» Pulchérie akamuuliza ku matanga.

«Hapana. Nilikuwa ninaangalia mbali.»

«Na mukono ya Placide?»

Kaka za Pulchérie bakapeleka dada yabo Ubwari, na hakurudi.

Ungesema alijifunza. Hapana. Bwana Mulefu alileta sukari na kitambaa ya matanga, na kisha mwezi akatuma kumuita. Na Bonaventure akaenda. Alivuka tuta ya pili muzuri kuliko siku zote. Ukingoni hakukuwa mutu. Mama Anastasie alipoona mashua inatoka, alikusanya ndagala yake, akaingia nyumbani, akafunga mulango. Ni vile alivuta ile kamba Yenga kwa Yenga, mpaka muzungu akarudi kwabo na mashua ikauzishwa. Leo ilibaki nini? Nyumba bila moto, na mwanaume mwenye hakuna mutu anamusalimia.

FUNDISHO

Bandugu, kupenda kitu na kuijua si zambi. Lakini nguvu yako inaacha mawimbi nyuma. We ulifundishwa kuyavuka. Bibi yako na mutoto yako, nani aliwafundisha? Mwenye kutafuta makofi ya ukingo na kuacha kafi ya nyumba yake, asiseme hakuona. Mukono uliinuliwa. Achilia kamba wakati bado kuna mutu wa kuokoa.